Ushauri: Ryzen 5 5500 na bodi ya B550 kwa kompyuta ya gemu, niende nayo?

Mgeni_wa_Gemu: Wakuu, heshima yenu. Najenga kompyuta ya gemu, bajeti ya kati, nacheza 1080p tu. Nimekwama kwenye prosesa na madabodi. Nimesoma hadi macho yanauma, kila mtu na lake. Nafikiria Ryzen 5 5500 na bodi ya B550. Au niruke moja kwa moja AM5, soketi mpya ya prosesa za AMD? Naogopa hela isije ikaenda bure.

Fundi_Pini: AM5, mjadala ufungwe. Ryzen 5 7600 na bodi ya B650. AM4, soketi ya hiyo B550 yako, imezeeka, AM5 AMD wameahidi kuihudumia hadi 2027 na zaidi.

Bibi_Volti: Mnakimbilia prosesa, pawasaplai hakuna anayeiuliza. Na waya wa pini 8 wa prosesa na ule wa kadi hufanana kwa macho, ila maumbo ya pini ni tofauti. Ukiona unalazimisha, acha.

Nyuzi_12: Mtoa mada, hujataja RAM wala kadi ya grafiki. Bila hivyo tunapiga ramli.

Mgeni_wa_Gemu: RAM ninayo, ya aina ya DDR4, kasi 3200, vijiti viwili vya GB 8. Kadi ni ya kawaida tu, haina shida.

Nyuzi_12: Ya kawaida ndiyo ipi? Ina jina.

Mgeni_wa_Gemu: RX 6500 XT ya GB 4. Na nisiwafiche, kishika uchumba cha prosesa na bodi nimeshatoa. Lakini B550 nimeichagua makusudi kwa kuwa ina PCIe 4.0, yaani njia mpya ya data kati ya kadi na prosesa, kwa hiyo niko salama.

Nyuzi_12: Hauko salama. 6500 XT hutumia njia 4 tu za PCIe, ingawa sloti ina 16. Kwenye 4.0 njia hizo 4 hupitisha takriban GB 8 kwa sekunde, kwenye 3.0 ni nusu. Na sloti ya kadi kwenye B550 hupata njia zake kutoka kwenye prosesa yenyewe. 5500 inatoa PCIe 3.0 tu. Bodi hata iandikwe 4.0 kwa wino wa dhahabu, kadi yako itakwenda 3.0. GB 4 za kumbukumbu ya kadi zikijaa, kinachozidi huvutwa kutoka kwenye RAM kupitia kijinjia hicho, gemu linaanza kukatakata.

Chukua Ryzen 5 5600: inatoa 4.0, kache ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 32 badala ya 16, bodi na RAM zinabaki zilezile. AM5 haipokei DDR4, vijiti vyako vitakuwa mapambo. i5-12400F ya Intel nayo inafaa, ila bodi za B660 na B760 zipo za DDR4 na za DDR5, na majina yanapishana herufi chache tu.

Fundi_Pini: Kadi ya GB 4 zama hizi? Iuze. Hiyo ni suti na ndala.

Mgeni_wa_Gemu: Kadi siuzi. Na 5500 nimeiona ikiwaka: muuzaji alichomeka HDMI kwenye bodi, bila kadi yoyote, picha ikatoka safi.

Kaa_la_Moto: Chai hii, na sukari imezidi. 5500 haina grafiki za ndani. HDMI ya bodi ingekaa giza hadi kesho.

Msoma_Kimya: Mimi nilishtuka tangu "kadi ya kawaida tu". Uzi wa kutunga.

Mgeni_wa_Gemu: Sijatunga jamani! Picha ya skrini ya BIOS, ile programu ya bodi inayotokea ukiwasha, ninayo kwenye simu, subirini. Imeandikwa "AMD Ryzen 5 5500GT with Radeon Graphics". Kumbe kuna GT?

Nyuzi_12: Ipo. Kaa_la_Moto, rudisha birika. GT ina grafiki za ndani, ila nayo ni 3.0 na kache MB 16. Kwa kadi yako tatizo halijasogea hata inchi.

Mgeni_wa_Gemu: Lakini si hizo grafiki zitanifaa kadi ikifa?

Nyuzi_12: Unajenga kompyuta ya gemu au ya kusubiri msiba? Omba ubadilishiwe 5600. Akigoma, shusha ubora wa texture (picha zinazofunika vitu kwenye gemu) matumizi yasizidi GB 4, utacheza.

Akikubali, kwenye picha hiyohiyo soma toleo la BIOS, ulilinganishe na orodha ya prosesa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi. Likiwa la zamani na bodi ina BIOS Flashback, kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi: flashi iliyofomatiwa FAT32, faili ulipe jina linalotajwa kwenye kitabu cha bodi, chomeka kwenye tundu lenye alama, bonyeza kitufe sekunde kadhaa hadi taa ianze kupepesa. Umeme usiguswe hadi taa itulie. RAM weka sloti ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha washa XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake kamili, la sivyo hiyo 3200 utaiona kwenye kibandiko tu.

Mgeni_wa_Gemu: Nimempigia, kakubali, naongeza kidogo. Swali la mwisho: HDMI naichomeka palepale kwenye bodi?

Kaa_la_Moto: Giza, ndugu yangu. Kwenye kadi.