Tupeane uzoefu: Ulianzaje kutetea huduma za afya ukiwa bado mwanafunzi wa udaktari?

Ndugu wanajamvi, nawaomba mliosoma au mnaosoma udaktari mtueleze mlivyowatetea wagonjwa kabla ya kupata leseni, kwa sababu wadogo zetu wengi vyuoni wanadhani kazi hiyo ni ya chama cha madaktari au ya wanasiasa. Naanza na yangu.

Nikiwa mwaka wa nne tulipelekwa kwenye mafunzo ya afya ya jamii katika zahanati moja ya kijijini. Siku ya pili asubuhi alifika mama mwenye uchungu, ameshika kifurushi cha khanga chenye pamba, wembe, jozi mbili za glavu na kibanio cha kitovu, vitu ambavyo mumewe alivinunua duka la dawa baada ya kuuza kuku. Sera ya Afya ya Tanzania ya mwaka 2007 ilimsamehe mjamzito gharama za matibabu, na sisi tulikuwa tumeijibia mtihani.

Hatukumlaumu muuguzi, ambaye alikuwa peke yake zamu nzima na stoo yake tupu. Kwa wiki tatu tuliandika daftarini kila kitu ambacho wajawazito walitakiwa kununua pamoja na bei yake, bila kutaja jina la mgonjwa yeyote, kisha tukaomba nafasi katika kikao cha kamati ya usimamizi wa kituo. Mwenyekiti, mzee mkulima, alisoma huku akifuata mistari kwa kidole, akauliza, “Boksi la glavu ni shilingi ngapi?” Robo ya mwaka iliyofuata glavu na pamba ziliagizwa. Vibanio havikuagizwa, na jambo hilo linaniuma hadi leo, maana tuliondoka bila kulikabidhi daftari kwa kundi lililotufuata.

Mchangiaji kutoka Kenya: Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulinikuta mwaka wa tano. Mojawapo ya mambo yaliyogombaniwa ni malipo ya madaktari walio mafunzoni, ambayo mkataba wa mwaka 2017 kati ya chama cha madaktari na serikali uliyaweka juu ya shilingi 200,000 kwa mwezi, huku serikali ikitaka kulipa 70,000. Majirani walituuliza kwa uchungu kwa nini wagonjwa wameachwa, nasi hatukuwa na jibu kwa kuwa hatukuwa tumeusoma mkataba wenyewe. Tuliusoma, tukauandikia muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, tukaenda kuketi na wazee wa kanisa na wa msikiti kujibu maswali yao. Wengine walibaki na uchungu wao, na walikuwa na haki.

Mchangiaji kutoka Mwanza: Ndugu mwanzisha mada, mlifanyaje hata mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, asihisi kwamba mnamshtaki?

Mwanzisha mada: Tulimwonyesha yeye daftari kabla ya mtu mwingine yeyote, na ndiye aliyeongeza kwa mkono wake safu ya tarehe alizoagiza vifaa bila kuletewa.