Simu ya kupangusa yenye redio isiyokula bando, nitaipata wapi?

Mama Samaki – Somanga
Wanangu na ndugu zangu, habari za jioni. Mimi nauza samaki Somanga, Kilwa. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, umeme ulikatika kwetu, mtandao ukapotea, na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatwa na maji huku huku Somanga. Iliyobaki inasema ni redio ya kitochi changu. Majirani walijaa barazani. Nilichomeka waya wa masikioni, nikafungulia spika, tukasikia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: kimbunga kimeshafika Mafia, nguvu inapungua, lakini bahari bado chafu. Shemeji yangu alikuwa ameshatia mafuta kwenye mashine anataka kwenda kuangalia nyavu. Akaghairi.

Kitochi kimekufa sasa. Mwanangu ameniletea simu ya kupangusa, ina kamera tatu, redio haina. Ameniwekea programu ya redio, bando likiisha kimya. Dukani wananiambia siku hizi kila kitu mtandao. Mtandao gani, wakati siku ile mnara wenyewe ulikuwa umezima? Naomba anayejua: redio inaweza kurudishwa kwenye simu hii?

Fundi Gerezani
Shikamoo mama. Kwenye simu nyingi kipokezi cha FM kimo ndani ya chipu ileile ya Wi-Fi na Bluetooth. Tatizo mtengenezaji lazima aunganishe antena na aweke programu ya kukiendesha. Asipofanya hivyo, chipu inakaa tu humo bila kazi. Wengine hawaweki kabisa: Apple walisema wazi mwaka 2017 kwamba iPhone 7 na 8 hazina chipu ya FM wala antena yake.

Kwa hiyo mtu akikwambia toa hela nikushushie FM, usitoe. Programu za kushusha karibu zote zinavuta redio kupitia intaneti.

Antena ni huo waya wa masikioni. Mawimbi ya FM yana urefu wa kama mita 3, robo yake ni sentimita 75 hivi, ndiyo maana waya ule unatosha. Spika za masikioni za Bluetooth, zisizo na waya, hazishiki kitu. Ukienda kununua, tafuta yenye tundu la waya na redio iliyokuja nayo. Halafu ijaribu palepale dukani: toa laini, zima data na Wi-Fi, chomeka waya, tafuta stesheni. Ikiongea, ndiyo yenyewe.

Mdau wa Data
Mama, kwa heshima zote, redio ni mambo ya zamani. Tahadhari siku hizi zinakuja kwa SMS, zinamfikia kila mtu mfukoni.

Mama Samaki – Somanga
Marahaba fundi, Mungu akuzidishie.

Wewe mwanangu wa data, SMS inapita wapi kama si kwenye mnara? Mnara una betri, betri ina mwisho, na jenereta inataka dizeli. Gari la dizeli lingevukaje pale maji yalipobeba barabara? SMS kabla ya kimbunga naikubali, itumwe, tena mapema. Mimi nasema usiku wenyewe, na kesho yake, mtu hajui kama mawimbi yanarudi au yametulia.

Mtwara Mikindani
Naunga mkono. Kimbunga Kenneth Aprili 2019 tulijiandaa huku, kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Mwezi mmoja kabla kimbunga Idai kiliipiga Beira, hukohuko Msumbiji, na mji mzima ukakosa mawasiliano. Na wala si lazima upepo: Mei 12, 2024, siku chache baada ya Hidaya, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikawa taabu nchi nzima. Redio za FM hazikuhitaji waya huo kumfikia msikilizaji.

Ila tuseme kweli, kituo cha FM nacho kinataka umeme. Tofauti ni kwamba mtambo mmoja mrefu unafunika eneo kubwa, na watu elfu wakisikiliza kwa pamoja hauelemewi. Kuulinda mtambo mmoja kwa jenereta ni rahisi kuliko minara yote ya wilaya. Hapo ndipo serikali ingeweka nguvu, na kwenye kudai simu zinazoingia nchini ziwe na FM iliyo wazi. India wizara yao iliwaandikia watengenezaji kuhusu jambo hili mwaka 2023.

Fundi Gerezani
Na mama, redio ya FM inakula chaji kidogo kuliko kuvuta matangazo kwa data. Kukiwa na dalili za mvua kubwa, jaza chaji mapema, halafu punguza mwanga wa kioo.

Mama Samaki – Somanga
Nimeelewa. Hii ya kamera tatu nabaki nayo kwa kutumiwa hela na wateja. Jumamosi naenda Nangurukuru kununua kitochi kingine, na nitatoa laini mbele ya muuzaji kama ulivyosema. Waya nanunua miwili, mmoja wa akiba. Shemeji naye nimemwambia anunue chake, akifunge kwenye nailoni akae nacho chomboni.