Tupige sauti baharini kupima joto, au tusikilize tu?

Mzamiaji: Maji yakipata joto, sauti hukimbia zaidi ndani yake. Digrii 1 huongeza kama mita 4 juu ya zile 1,500 ambazo sauti huenda majini kwa sekunde, na kwa safari ya kilomita 3,000 inafika mapema kwa sekunde 5 hivi. Munk, mtaalamu wa bahari, na wenzake walipiga sauti karibu na kisiwa cha Heard, kusini mwa Bahari ya Hindi, mwaka 1991, ikasikika hadi pwani za Marekani. Kipimo kizuri hivyo tunakiachia nini?

SikioLaChini: Kwa sababu mna samaki humo! Mradi uliofuata, wa California na Hawaii, ulipiga desibeli 195. Ungekaa wewe karibu?

Mzamiaji: Desibeli za majini si za hewani, toa kama 62 ndipo ulinganishe. Na nyangumi si samaki.

SikioLaChini: Nani kataja nyangumi? Usinisomeshe darasa la nne.

Kauthar: Hata angemtaja. Watu wanamwita samaki tangu enzi, na lugha ni ya wasemaji.

Mzamiaji: Ananyonyesha, anapumua hewa, bado samaki? Basi na popo ni ndege.

Kauthar: Wapo wanaomwita ndege na wanaelewana vizuri tu. Wewe unataka kila neno lipite maabara kwanza.

Mkongwe: Mnagombania jina la mnyama, mwenyewe hasikilizani na mwenzake kwa ngurumo za meli. Meli na nyangumi wakubwa wote sauti yao nzito, chini ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde. Tena asidi ikizidi baharini, maji hufyonza sauti hizo kidogo kuliko zamani.

Mzamiaji: Nzito haifyonzwi sana tangu mwanzo, mzee wangu. Mwaka 1960 milipuko ya Perth, Australia, ilisikika Bermuda, kisiwa cha Atlantiki, baada ya saa tatu na ushee, kwa kupita ule mfereji wa sauti, tabaka la maji linaloifikisha sauti mbali, ulio kama mita 1,000 chini. Asidi haibadilishi mengi hapo.

Kauthar: Basi kupiga kwa nini? Sauti za mitetemeko ya ardhi ya karibu na Sumatra zimesikilizwa Diego Garcia, kisiwa cha Bahari ya Hindi, joto likapimwa. Matokeo yalitoka 2020.

Mzamiaji: Tetemeko halina ratiba, dada. Na bahari nyingine hazina mitetemeko ya kutosha.

SikioLaChini: Kwa hiyo wapigiwe kelele kwa ratiba. Nilisema samaki nikimaanisha samaki: chewa hunguruma wakati wa kuzaana, kwa sauti nzito hiyo hiyo. Hilo hamjalijibu.