Kalenda "zimeunganishwa", tiki ya kijani ipo, na bado nimepangiwa bi harusi na wageni wa hoteli wote saa tatu!

Salaam wana jukwaa. Leo sikuja kwa wema. Hasira hii ninayo tangu Jumamosi, wifi yangu amechoka kunisikiliza, basi mtanisikiliza nyinyi.

Kazi yangu ni hena, piko na kusinga maharusi, hapa Malindi. Wateja wa mjini hupiga simu au humtuma mtoto. Wageni, wengi Waitaliano, huja kwa kupitia mapokezi ya hoteli. Kalenda yangu iko kwenye simu ya Android, hoteli wana ya kampuni nyingine, ile inayokuja pamoja na barua pepe za ofisi, na wifi yangu ninayefanya naye kazi ana iPhone. Mwezi uliopita kijana wa mapokezi akaniambia, "Dada, nitumie linki ya kalenda yako, tuziunganishe, tuache kusumbuana kwa simu." Nikatuma. Tiki ya kijani ikatokea. Nikaamini, mjinga mimi.

Ijumaa saa mbili usiku nikaingiza bi harusi wa Shela (Shela yetu ya hapa Malindi, si ya Lamu): Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa saba. Mikono na miguu, maua hadi juu ya kiwiko. Kulipokucha, saa moja na nusu, mapokezi wakafungua kalenda, wakaiona Jumamosi yangu nyeupe pe, wakawapa kina mama wawili wa Kiitaliano saa tatu ile ile. Na pesa wakapokea.

Haya, niko mkekani. Mkono wa kushoto wa bi harusi nimeshaufikisha kwenye kiwiko, hena mbichi inang'aa, shangazi yake anaipitishia pamba ya ndimu na sukari isibanduke. Simu inalia. Siwezi kuishika, nimeshika koni. Inalia tena. Mara ya nne shangazi akaniwekea sikioni mwenyewe: "Dada, uko wapi? Wageni wamekaa hapa tangu saa tatu!" Nilishtuka, tone likadondoka katikati ya kiganja, mahali ambapo hapakuwa na ua. Nikaligeuza jani. Wasichana wote walilisifu lile jani, ila mama wa bi harusi aliniangalia jicho moja ambalo bado ninalo mgongoni. Wageni wakarudishiwa pesa zao, na hoteli wakanikata mimi kwa "usumbufu".

Ndipo nikaanza kuchimba, na hasira ikapanda zaidi. Kuunganishwa kwenyewe HAKUNA. Linki ile ni ya faili tu. Kalenda ya hoteli huja kulichungulia faili langu inapojisikia, ikaondoka na nakala, na mpaka irudi tena wao wanakula kiporo wakidhani ni chakula cha leo. Kampuni moja kubwa imeandika kwenye mwongozo wake kuwa mabadiliko yanaweza kuchukua hadi masaa 12. Nyingine inasema yanaweza kupita masaa 24. Masaa 24! Mimi ndani ya masaa hayo nimeshapamba, bi harusi ameshaolewa na sufuria za pilau zimerudi kwa wenyewe. Nimetafuta kitufe cha "njoo uchukue sasa hivi", sikukiona. Kalenda ya kwenye kompyuta za Apple angalau hukuruhusu kuchagua ije kila baada ya dakika 5, lakini mapokezi hawatumii hiyo, kwa hiyo yanihusu nini.

Tena ni njia moja. Wanasoma kwangu, hawaandiki kwangu. Wale Waitaliano waliandikwa kwenye kalenda ya hoteli wakabaki huko huko. Ili niwaone lazima nami nichukue linki yao, nami nisubiri kiporo changu.

Msiniambie ni ugumu wa teknolojia. Lugha ya pamoja ya kalenda, iCalendar, ipo tangu 1998 na ikarekebishwa 2009. Njia ya kusoma na kuandika pande zote mbili, CalDAV, ilitoka 2007, mwaka ule ule M-Pesa ilipoanza hapa kwetu. Pesa inatoka Malindi inafika Lodwar kabla sijafunga mkoba, lakini saa tatu yangu haifiki hotelini, mwendo wa tuktuk moja!

Kuna na vituko vingine. Harusi ya mtoto wa dada yangu niliiweka "siku nzima". Kumbe tukio la siku nzima, usipolibadilisha mwenyewe, huhesabika kuwa uko huru. Ukurasa wangu wa kuweka miadi ukaendelea kuniuza mchana kutwa, watu watatu. Na yule mama mwenye nyumba yake Italia, anayewapangia wageni wake kusingwa kila Alhamisi saa nne ya huko: kwangu ilisomeka saa sita miezi yote ya baridi, halafu Jumapili ya mwisho ya Machi wenzetu wakasogeza saa zao mbele, miadi ikarukia saa tano bila mtu kuigusa. Sisi saa zetu hazichezi, lakini anayeonekana amechelewa ni mimi.

Nikificha maelezo, hoteli wanaona tu "ana shughuli" na wananipigia kuuliza kama shughuli inasogezeka. Nikiyaacha wazi, yeyote mwenye ile linki anasoma majina ya maharusi wangu na namba za mama zao. Mimi nimeapa kutunza siri za watu, nifanyeje?

Kwa sasa nimerudi kwenye daftari. Mapokezi hawamwandiki mtu mpaka wanipigie, na arubuni wanaipokea baada ya mimi kusema sawa. Yaani tunasumbuana kwa simu kama zamani.

Swali langu: kuna mtu humu, fundi, kinyozi, nahodha wa boti, yeyote, amepata njia ya kalenda za kampuni mbili kuambiana papo hapo, pande zote mbili, bila kulipa dola kila mwezi? Na anayetaka kuniandikia "zima simu uwashe", apite kimya kimya.