Mtoto wa miaka 4 ananyang'anya wenzake vitu, nisaidieni

Mama Kifungua Mimba:
Habari zenu wakuu. Mwanangu wa kiume ana miaka 4, ameanza chekechea mwezi wa kwanza. Nyumbani yuko peke yake, hana wa kugombania naye kitu. Kila nikienda kumchukua naambiwa leo kamsukuma mwenzake kwenye bembea, leo kakumbatia vibao vyote vya kujengea. Nimemsema, nimemchapa, kesho yake yale yale. Kinachoniuma ni kwamba wenzake wameanza kumkwepa.

Mwalimu wa Awali:
Pole mama. Fimbo weka kando, inamfundisha kuwa mwenye nguvu ndiye anayepata. Halafu ukimwambia "mpe mwenzio", yeye anaelewa kwamba kitu kimekwenda moja kwa moja. Zamu lazima aione. Kwenye bembea mimi huwaambia wahesabu mpaka 20, na anayehesabu ni yule anayesubiri. Akimaliza, aliyeshuka anamhesabia mwenzake. Wiki za mwanzo nasimama hapo hapo, nisipokuwepo wanasukumana.

Ila kilichonisaidia zaidi darasani ni kuwapa kazi ambayo mmoja haiwezi. Beseni la maji la kunawia mikono nawapa wawili walibebe. Mmoja akikimbia, maji yanamwagika, sina haja ya kusema neno. Kamba ndefu ya kuruka nayo haizungushwi na mtu mmoja. Hapo mtoto anaanza kumtafuta mwenzake mwenyewe.

Baba Pacha:
Naunga mkono hilo la beseni. Naongezea: wangu hata wana kila kitu viwili viwili, bado waligombana. Tulichofanya, kile mtoto anachokipenda kupita vyote tunakificha kabla wageni hawajaja, hatumlazimishi kukitoa. Na alika mtoto mmoja tu Jumamosi, wakiwa watano utakuwa refa.

Mama Kifungua Mimba:
Asanteni sana, sikuwahi kufikiria kwamba anaogopa hakitarudi. Jana jioni tumekunja shuka wote wawili, yeye ameshika ncha zake, mimi zangu. Ameniambia, "Mama usiachie." Jumamosi nitamwita mtoto wa jirani, nitoe na kamba. Mwalimu, na akimsukuma mbele yangu nifanyeje papo hapo?

Mwalimu wa Awali:
Mshike mkono, muende wote kwa aliyeanguka, amsaidie kuinuka. Samahani ya kulazimishwa usiidai. Mchezo uendelee.