Mjadala: Je, kliniki ya sheria iwe somo la lazima katika vyuo vya Nyanda za Juu Kusini, au tuigawe Shahada ya Sheria kwa fani?

Mtoa hoja, Iringa

Ninaiweka hoja hii mezani kwa sababu kila yanapotoka matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ya Dar es Salaam ambayo wengi wetu tunaiita Shule ya Sheria na ambako mhitimu wa sheria hupita kabla ya kuwa wakili, tunarudia lawama zilezile bila kuugusa mtaala wa vyuo vikuu. Mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza walikuwa 26 tu, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya masomo na 265 wakaondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na nchi nzima ikawa na maoni: wako waliosema Taasisi inakomoa, wako waliosema vyuo vinapeleka watu wasioiva. Mimi niko na hao wa pili, ila simlaumu mwanafunzi.

Mhitimu wa Iringa au Mbeya anafika Dar es Salaam akiwa amekaa darasani miaka mitatu au minne, amefaulu mikataba, ardhi, jinai na ushahidi, lakini hajawahi kuketi na mtu mwenye shauri akamsikiliza mpaka mwisho. Yale majuma ya mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo mara nyingi humalizikia masjala, akipanga majalada na kutoa nakala. Kisha ndani ya mwaka mmoja anadaiwa ajue kumhoji shahidi, kuandika hati ya madai na kusimama mbele ya hakimu.

Baadhi ya wenzetu wanapendekeza tiba ya kuigawa shahada yenyewe: sheria ya madini kwa anayeitazama Chunya, kodi na forodha kwa anayeitazama Tunduma, mazingira kwa sababu ya bonde la Usangu. Ninapinga. Shahada ya kwanza ibaki moja na ya jumla, na katika miaka miwili ya mwisho kila mwanafunzi apangiwe zamu kwenye kliniki ya sheria, yaani ofisi ya msaada wa kisheria ya chuo, ahudumie watu wenye mashauri ya kweli chini ya wakili mwenye leseni, na alama zake zihesabiwe kama za somo lolote. Ubobezi una nafasi yake kwenye shahada ya uzamili.

Chukua karatasi ya mauziano ya shamba la miti, aina inayozunguka sana Mufindi na Kilolo. Imeandikwa kwa mkono kwenye ukurasa wa daftari, ina jina la muuzaji na la mnunuzi, bei na mashahidi wawili, na muhuri wa mtendaji wa kijiji umegongwa juu ya sahihi mojawapo hata haisomeki. Mwanafunzi wa darasani ataona mkataba umekamilika, maana makubaliano yapo na fedha zimelipwa. Kwenye kliniki, wakili msimamizi atamwuliza uko wapi muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kilichoridhia uhamisho huo, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikumwachia mtendaji peke yake jambo hilo. Atamwuliza kama mke wa muuzaji alishirikishwa, mipaka inaanzia wapi, na miti iliyokuwamo ilipandwa na nani. Ardhi, mikataba, ndoa na ushahidi vimekutana kwenye karatasi moja, na kijana amejua kwa nini alifundishwa vyote.

Wakili wa kujitegemea, Mbeya

Ndugu mtoa hoja, shabaha yako ni njema, lakini hujasema kosa la mwanafunzi atalibeba nani. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu inatakiwa kukatwa ndani ya siku 45. Jalada likilala kwa sababu mwanafunzi yuko kwenye mitihani, mkulima wa Mbarali ndiye atakayehangaika kuomba aongezewe muda, na maombi ya namna hiyo hayakubaliwi kwa huruma, yanataka sababu ya msingi. Aidha, Sheria ya Mawakili haimruhusu asiye wakili kuwakilisha watu mahakamani. Wenzetu wa Uganda walitunga kanuni mwaka 2004 zinazomruhusu mwanafunzi anayesomea uwakili kusimama katika mahakama za mahakimu chini ya usimamizi. Bila kanuni kama hizo, kliniki yako itakuwa dawati la ushauri tu. Niongeze jambo ambalo wanataaluma hawalipendi: wako wahadhiri wazuri sana wa sheria ambao hawajagusa jalada la mteja kwa miaka mingi. Hao watamsimamia nani?

Mhitimu, Makambako

Naomba kutofautiana nanyi nyote wawili kwa heshima. Kampuni ya uwakala wa forodha pale Tunduma haitafuti mtu anayejua kila kitu kidogo kidogo, na si kila aliyesoma sheria anataka kuvaa joho. Shahada yenye fani ingetusaidia sisi ambao hatukwenda Dar es Salaam. Na kutokwenda kwenyewe si uvivu: kodi ya chumba, nauli na chakula kwa mwaka mzima katika jiji usilokuwa na ndugu ni mzigo mzito, hata sasa ambapo Bodi ya Mikopo imeanza kuwafikiria wanafunzi wa Taasisi. Nionavyo mimi, swali la kwanza ni kwa nini mafunzo hayo hayana tawi huku, wakati Iringa na Mbeya zote zina Mahakama Kuu na vyuo vinavyofundisha sheria.

Msaidizi wa kisheria, Mbozi

Sisi tunaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 tumeshaonja kliniki za namna hii. Walikuja wanafunzi wa chuo kimoja, wakasikiliza watu vizuri, wakaandika kila kitu, kisha chuo kikafungwa. Likizo ndefu inaangukia msimu wa kahawa, ambapo ugomvi wa mashamba na wa mapato ya familia ndio unapamba moto. Wateja walibaki wakituuliza sisi karatasi zao ziko wapi. La pili, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, lakini vijana wale waliandika maelezo kwa Kiingereza, ikabidi mama aliyekuwa anadai matunzo ya watoto atafsiriwe maelezo yake mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Mtoa hoja

Dada wa Mbozi amenipa hoja nzito kuliko zote. Jibu langu ni kwamba jalada liwe mali ya ofisi, lisiwe la mwanafunzi, na chuo kisifungue kliniki kabla ya kuajiri wakili wa kudumu anayekuwapo likizo na muhula, mwenye kitabu cha tarehe za ukomo mezani kwake. Kwa hilo wakili msomi atakuwa amejibiwa kuhusu siku 45. Maelezo ya mteja yaandikwe kwa Kiswahili, asomewe, ndipo atie sahihi. Kuhusu kuwakilisha watu, mwanafunzi haanzii huko. Kumhoji mteja, kutafuta sheria, kuandaa rasimu ya hati ya kiapo na kuketi kwenye usuluhishi vinamtosha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960 bila kusubiri kanuni za uwakilishi. Mdogo wangu wa Makambako, tawi la Taasisi naliunga mkono moja kwa moja. Fani za shahada ya kwanza bado sizikubali: wakala wa forodha akipunguza watu, mwenye shahada ya forodha pekee atahamia wapi?

Wakili wa kujitegemea, Mbeya

Wakili wa kudumu analipwa mshahara, na ada za vyuo vyetu tunazijua. Chuo kikimwajiri kweli, mimi niko tayari kupokea wanafunzi wawili kila muhula bila malipo, kwa sharti kwamba alama za zamu yao nizitoe mimi niliyeiona kazi.