Uzamili wa ustawi wa jamii Marekani: mwaka mmoja au miaka miwili?

BintiKigamboni: Salaam wapendwa. Nipo Texas, nataka kuanza MSW, yaani uzamili wa ustawi wa jamii. Chuo kimoja kinasema naweza kusoma mwaka mmoja tu, kingine miaka miwili, krediti 60. Ijumaa ndiyo mwisho wa kulipia nafasi. Nichukue kipi?

MtuPwani: Dada, mbona la msingi hujalisema? Digrii ya kwanza ulisomea nini, na wapi? Unafanya kazi?

BintiKigamboni: Samahani kaka. Ustawi wa jamii, Dar es Salaam. Kazi ninayo, shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee.

MamaNeema: Hiyo Dar es Salaam ndiyo habari yenyewe. Mwaka mmoja ni wa aliyesoma digrii hiyo kwenye programu yenye ithibati ya CSWE, baraza la Marekani la elimu ya ustawi wa jamii, au mwenye digrii ya nje iliyotambuliwa na CSWE wenyewe. Tathmini ya kawaida ya vyeti haitoshi. Barua yao unayo? Kama huna, usitoe hata senti mpaka chuo kikuandikie.

KakaMinnesota: Mimi ni wa miaka miwili, na ningerudia tena. Vyuo vingi havidai tasnifu, ila zile saa 900 za mafunzo kwa vitendo hazikwepeki. Mimi zilinitesa. Msimamizi wangu aliacha kazi mwezi Machi. Daftari langu lilikuwa na saa 212, kila siku na tarehe yake na nilichofanya, lakini safu ya sahihi tupu tangu Januari, maana kila Ijumaa aliniambia tutasaini wiki ijayo. Aliyebaki pale hakuwa na MSW, chuo kikaikataa sahihi yake. Nikarudia saa 140 kiangazi. Mei wenzangu wanavaa joho, mimi nipo shirika jingine nawajazia wakimbizi fomu za msaada wa chakula. Na mama alishakata tiketi kutoka Mwanza. Dada, sahihi ni kila wiki, usikubali ipite.

MtuPwani: Pole sana kaka. Lakini huyu dada si afanyie mafunzo hapohapo kazini? Viwango vya CSWE vya 2022 vinaruhusu.

MamaNeema: Vinaruhusu pale majukumu yanapoendana na umahiri unaofundishwa. Kuogesha na kulisha hakumo.

MtuPwani: Mzee anayeogeshwa kwa heshima hajahudumiwa kiustawi?

MamaNeema: Nimeogesha wazee miaka 6, sidharau. Nasema tu uzoefu wa kazi ya nyuma haupewi krediti hata moja, hiyo ni kanuni. Aombe ahamishiwe kwa ofisa ustawi wa hapohapo, mchana, ilimradi ofisa huyo awe na MSW na miaka miwili kazini tangu aipate.

BintiKigamboni: Mchana nina mtoto wa miaka mitatu. Hapo ndipo ninapokwama.

Shangazi_Houston: Mwanangu upo Houston? Nina jirani anayelea watoto, Mkongo, anaongea nao Kiswahili. Nitumie ujumbe pembeni.

MtuPwani: Kaka wa Minnesota, mama alikuja?

KakaMinnesota: Alikuja Mei ileile, tiketi haikurudishwa. Alinipikia wiki tatu huku nikienda kumalizia saa. Joho nililivaa Desemba, nikamtumia picha.

BintiKigamboni: Mungu ambariki mama. Barua ya CSWE sina. Nimewaandikia chuo sasa hivi, nangoja jibu. Shangazi, nakuja pembeni.